Kochi la Sebuleni na Goti la Mzazi: Uchaguzi wa Samani kwa Jicho la Tabibu

Anayepita Keko jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Ngong jijini Nairobi, huziona samani zimepangwa kandokando ya njia tangu asubuhi: makochi mapana yaliyovikwa karatasi ya nailoni yasipate vumbi, meza za chakula zenye vioo, makabati ya runinga, na viti ambavyo bado vinanukia vanishi. Wanunuzi huja na picha katika simu, hupapasa kitambaa, huketi kwa dakika moja, kisha huanza kupatana bei. Katika mazungumzo hayo hutajwa rangi, aina ya mbao, idadi ya watu watakaoketi na tarehe ya kukabidhiwa mzigo. Mara chache sana hutajwa goti la atakayeketi.

Hilo halimstahilishi lawama mnunuzi wala fundi. Samani zimezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa mapambo, na sebule ni uso wa nyumba: ndimo mgeni hukaribishwa na ndimo washenga hupokelewa. (Siku ya msiba, ajabu, samani hizo hizo hutolewa nje na watu wakaketi mikekani.) Ni haki sebule ipendeze. Lakini kwa tabibu, kiti ni kifaa kinachoubeba mwili kwa saa nyingi kuliko kifaa kingine chochote cha nyumbani isipokuwa kitanda. Na kwa mzee aliyestaafu, au mgonjwa anayepata nafuu, huenda kikakizidi hata kitanda. Kifaa cha namna hiyo kikikosewa vipimo hudhuru polepole, bila kelele, na madhara yake hutupiwa umri.

Kazi ya kuinuka

Kuinuka kitini ni miongoni mwa kazi nzito ambazo magoti na nyonga huzifanya kila siku, ingawa mwenye afya haihisi. Mwili hufuata utaratibu mmoja. Kwanza miguu hurudishwa nyuma hadi nyayo ziwe chini ya magoti, au nyuma yake kidogo. Pili, kiwiliwili huinamishwa mbele hadi uzito uhame kutoka makalioni kwenda nyayoni. Tatu, misuli ya mbele ya paja pamoja na ile ya makalio huyanyoosha magoti na nyonga, na mtu akasimama. Kiti kikiwa chini, makalio huwa chini ya magoti, na misuli hulazimika kuuinua mwili wote kutoka shimoni. Tafiti zilizopima nguvu hizo zimeonyesha kwamba kukiinua kiti kunaweza kuupunguza mzigo unaolielemea goti kwa hadi asilimia 60, na ule wa nyonga kwa hadi asilimia 50. Ni dawa chache sana za maumivu ya viungo zinazoweza kuahidi nafuu ya kiasi hicho, nazo zina madhara kwa tumbo na figo ambayo kiti hakina.

Sasa litazamwe kochi la kisasa kwa kipimo hicho. Dukani, ukingo wake wa mbele huwa na kimo cha sentimita 42 hivi, ambacho si kibaya. Lakini mtu akishaketi, sponji laini huzama, na kimo halisi hushuka hadi sentimita 35 au chini ya hapo. Kina chake, yaani umbali wa kutoka ukingo wa mbele hadi egemeo la mgongo, hufika sentimita 60 au zaidi. Mama wa kimo cha kawaida akitaka kuegemea, miguu yake huning'inia. Akitaka kukanyaga sakafu, mgongo wake hukosa pa kuegemea, naye hujikunja kama upinde. Isitoshe, makochi mengi yamezibwa kwa mbele kuanzia kwenye mto hadi sakafuni. Huziba vumbi, ni kweli, na huficha viatu vya watoto. Lakini pia huzuia nyayo kurudishwa nyuma, na bila hatua hiyo ya kwanza zile mbili zinazofuata haziwezekani ila kwa kuvutwa mkono.

Kuna kisa ambacho wahudumu wa afya wa mijini watakitambua kwa kuwa hujirudia kwa sura nyingi. Watoto wamechanga fedha, wamemnunulia mama yao aliyestaafu seti ya makochi ya watu saba, na viti vyake vya zamani vya mbao, vile vyembamba vyenye mito ya kufungia kwa kamba, vimepelekwa shambani. Mama amefurahi na kuwaombea dua. Baada ya miezi kadhaa haamki kitini ila mjukuu amvute: “Bibi, lete mkono.” Kwa kuwa kila safari ya msalani ni usumbufu kwa wawili, anaanza kupunguza maji ya kunywa. Kisha anaanza kuviruka vidonge vya shinikizo la damu vile vinavyoongeza mkojo, hasa siku ambazo mjukuu yuko shuleni. Kliniki inaona shinikizo limepanda na kumwongezea dawa. Misuli ya mapaja, isiyotumika tena kwa kuinuka, inazidi kusinyaa. Wanawe wakipiga simu huambiwa kwamba mama amezeeka ghafla. Wanaliamini neno hilo, na mama mwenyewe analiamini.

Hapana kipimo cha maabara kitakachoonyesha chanzo cha hali hiyo. Kinaonekana kwa macho tu, na anayepaswa kukitazama ni yule mhudumu anayeingia sebuleni. Kwa mgonjwa anayeanguka mara kwa mara, anayejikojolea kabla ya kufika msalani, au anayesemekana “hatoki kitini siku hizi”, swali la kwanza lisiwe la dawa. Aombwe kuinuka kutoka kwenye kiti anachokikalia kila siku, bila kusaidiwa, huku mhudumu akiwa karibu naye. Kisha arudie zoezi hilo kwenye kiti cha mbao chenye kimo cha inchi 17, yaani sentimita 43. Tofauti ya kuinuka huko mara mbili itasema mengi.

Kimo hicho cha inchi 17 ndicho kinachotumika katika kipimo cha kuinuka na kuketi kwa sekunde 30, ambacho chaweza kufanyika katika zahanati yoyote yenye saa na kiti kisicho na mikono. Mtu hukunja mikono kifuani, husimama wima na kuketi tena, na idadi huhesabiwa. Kwa mwenye umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamume asiyefikisha mara 12 na mwanamke asiyefikisha mara 10 huhesabiwa kuwa chini ya wastani na kuwa katika hatari ya kuanguka. Viwango hivyo vimetokana na wazee wa Marekani, hivyo visichukuliwe kama hukumu kwa wazee wetu. Vinafaa zaidi kumlinganisha mtu na nafsi yake, mwezi huu na mwezi ujao.

Jambo moja liongezwe kuhusu kuvutana mikono, kwa kuwa hufanywa kwa upendo na huumiza. Kwa aliyepata kiharusi, bega la upande uliopooza limepoteza misuli inayolishikilia. Kuvutwa kwa mkono huo kunaweza kulitegua na kuacha maumivu ya miezi. Anayesaidia asimame kando, ampe mgonjwa nafasi ya kuinama mbele, na amshike kiunoni. Kiti kirefu chenye mikono imara humwondolea mgonjwa na msaidizi wake shida hiyo yote.

Kupima kabla ya kulipa

Kipimo cha kiti kizuri hakipatikani katika orodha ya bei. Kimo chake ni umbali wa kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi sakafuni, mtu akiwa amevaa ndala au viatu anavyovaa nyumbani. Kwa mwenye magoti dhaifu, au aliyebadilishiwa nyonga, kiti kizidi kipimo hicho kwa sentimita 2 hadi 5. Waliofanyiwa upasuaji wa nyonga mara nyingi huagizwa wasikunje nyonga kupita pembe mraba katika majuma ya mwanzo, na kochi la chini huvunja agizo hilo kila wanapoketi. Ni busara kiti kiandaliwe kabla ya siku ya upasuaji, na wala si siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Kipimo kichukuliwe sponji ikiwa imezama, yaani mtu akiwa amekaa. Kina kiwe cha kuacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, ili mishipa ya damu na ya fahamu inayopita hapo isibanwe. Mikono ya kiti ifike mbele hadi karibu na ukingo, maana anayeinuka huisukuma kwa viganja. Ile inayoishia katikati ni pambo tu.

Mwenye kukikalia kiti ndiye aende dukani. Kama hawezi, apelekwe vipimo vyake. Akienda, aketi robo saa, si dakika moja, kisha ainuke mara tatu. Muuzaji akichukia, barabara ile ina wauzaji wengi.

Kuhusu sponji, mnunuzi ana haki ya kufungua zipu ya mto na kutazama. Vipande vya masalia vilivyobandikwa ovyo katikati ya tabaka mbili nzuri vitalegea upesi, na kiti kilichopimwa sentimita 45 Januari kitakuwa cha sentimita 38 kabla mwaka haujaisha. Inafaa pia kuuliza kilichomo chini ya sponji: springi, mikanda ya kunyumbuka, au ubao. Ubao peke yake ni mgumu kwa mwenye makalio makondefu, hasa mgonjwa aliyekonda sana, ambaye ngozi yake huweza kuchubuka kwa mgandamizo. Mikanda iliyolegea nayo humtumbukiza. Mikanda iliyokazwa vizuri chini ya sponji nzito hutosha kwa watu wengi.

Mbao ni suala ambalo mafundi wanalijua vyema kuliko matabibu. Mninga, mkongo na mtiki hudumu. Paini ni nyepesi na nafuu, nayo ikikaushwa vizuri na kuungwa kwa ustadi hubeba mtu bila wasiwasi. Kinachomhusu tabibu ni uimara wa maungio. Kiti kinachoyumba humfundisha mzee kutokiamini, naye huacha kuinuka mapema kuliko ilivyopasa. Viti vya plastiki, ambavyo wengi huvidharau, vina kimo kizuri na mikono, na kwa mzee huenda vikafaa kuliko kochi la mamilioni. Kasoro yake ni wepesi: aegemeapo mkono mmoja hupinduka, na juu ya vigae vyenye maji miguu yake huteleza na kutawanyika. Kikisogezwa ukutani, juu ya mkeka wa mpira, na kikakaguliwa nyufa kila mara, kiti hicho ni msaada mkubwa kwa nyumba isiyo na uwezo.

Pwani ilikuwa na hekima yake katika jambo hili. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, kilichotengenezwa kwa mbao nyeusi, kikapambwa kwa pembe na kusukwa kwa kamba, kilikuwa kirefu, chenye mgongo wima, mikono mipana na pa kuwekea miguu. Aliyekikalia aliketi kwa heshima na kuinuka kwa heshima. Baraza za mawe nje ya nyumba nazo zina kimo ambacho mzee huinuka kwacho bila kuomba mkono. Tatizo la kochi zito la kuzama ni geni kwetu, na limekuja pamoja na runinga.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kukaa chini ni adui. Nyumba nyingi bado hula mkekani kuzunguka sinia, na uwezo wa kuketi sakafuni na kuinuka ni hazina ya mwili. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, ulionyesha kwamba wale walioweza kuketi sakafuni na kuinuka kwa kujishikiza kidogo walikuwa na vifo vichache kuliko waliohitaji kujishikiza sana. Haina maana kwamba mkeka unaongeza umri. Maana yake ni kwamba anayeweza asinyang'anywe. Kijana na mtu wa makamo mwenye magoti mazima aendelee kuketi chini, na asimruhusu mtu amwambie kwamba meza ndiyo ustaarabu. Kwa mwenye maumivu ya magoti, kwa upande mwingine, hata mbuzi ya kukunia nazi yafaa kuinuliwa juu ya benchi, na kiti cha kusalia si aibu msikitini wala kanisani.

Meza ya chakula

Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti chake kifae kuwa chini ya ubao wa meza kwa sentimita 25 hadi 30. Kosa la kawaida ni kununua meza mahali pamoja na viti mahali pengine, au kuviongezea viti sponji nene hadi mapaja yakagusa ubao. Mtoto naye hukalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, kidevu kikiwa sambamba na sahani na miguu ikielea. Apatiwe mto mgumu chini yake na kigoda cha kukanyagia, atakula kwa utulivu zaidi.

Mlaji mmoja ana haki ya kutangulizwa katika uchaguzi wa samani za chumba hiki, naye ni yule anayemeza kwa shida. Baada ya kiharusi, au katika ugonjwa wa Parkinson, chakula na maji huweza kuteleza na kuingia njia ya hewa, na nimonia inayofuata huua. Mtu huyo akilishwa akiwa ameegemea kochini, kichwa nyuma, kidevu juu, njia ya hewa iko wazi kupokea kila kinachoponyoka. Anahitaji kiti cha mgongo wima chenye mikono, nyayo zikanyage sakafu, makalio yarudi nyuma kabisa, meza iwe karibu na kimo cha viwiko, na kidevu kiinamishwe kidogo wakati wa kumeza. Baada ya kula abaki wima kwa nusu saa. Hospitali hufundisha haya kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, lakini mara nyingi hakuna anayeuliza kama nyumbani kipo kiti cha namna hiyo. Swali hilo liingizwe katika maelezo ya kuruhusiwa. Halichukui hata dakika moja.

Umbo la meza nalo lina uzito wake. Meza ya duara yenye mguu mmoja wa katikati hupendeza, lakini mzee huinuka kwa kuegemea ukingo, na meza hiyo huinama pamoja naye. Ya miguu minne ni salama zaidi. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji nafasi ya sentimita 70 hivi chini ya meza ili magoti yapite. Fremu pana iliyopigiliwa chini ya ubao humzuia, na mara nyingi fundi anaweza kuipunguza akiambiwa mapema.

Vioo vya meza vinastahili onyo. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali ya kisu, na anayeanguka juu yake hutanguliza mikono: kano, mishipa ya fahamu na ya damu ya kifundo cha mkono hukatika kwa pamoja. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvunjika kuwa chembechembe butu, nacho huwa na alama ndogo pembeni inayokitambulisha. Meza isiyo na alama hiyo haifai kuingia katika nyumba yenye watoto. Kwa mwenye mtoto wa jicho au glakoma, kioo ni hatari ya aina nyingine: hakionekani.

Na kwa watoto wadogo, zaidi ya kioo, liko lile jambo dogo la kitambaa cha meza kinachoning'inia. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote. Akishika kitambaa, chupa ya chai humwangukia kichwani na kifuani. Ajali hiyo hiyo hutokea sebuleni juu ya meza fupi, ambako chai ya mgeni huwekwa katika kimo kamili cha mkono wa mtoto wa mwaka mmoja. Meza hiyo iachwe kwa magazeti.

Yaliyo chini ya kitambaa

Kochi la kitambaa kinene ni makazi mazuri ya utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho ambao hula magamba ya ngozi yetu na ambao kinyesi chao huamsha pumu na mzio wa pua. Hustawi penye unyevu, na miji ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, huwapa unyevu huo karibu mwaka mzima. Mwenye pumu achague viti vya mbao vyenye mito inayovulika foronya, ambazo hufuliwa kwa maji ya nyuzi joto 60. Ngozi ya bandia hupanguswa kwa urahisi, nayo humfaa pia mgonjwa asiyezuia mkojo. Ila hutoa jasho, huteleza, na ikianza kumenyuka haina tena faida yoyote.

Anayenunua kochi lililotumika alipinduze kabla ya kulipa. Kunguni hujificha katika mishono na chini ya kitambaa cheusi cha upande wa sakafuni, nao huweza kuishi miezi kadhaa bila damu. Haijathibitika kwamba huambukiza watu magonjwa, lakini kukosa usingizi na kujikuna hadi ngozi ikaoza si jambo dogo. Kuwapulizia dawa za mashambani ndani ya sebule ni kubadilisha kero kwa sumu. Joto linalozidi nyuzi 50 likifika hadi ndani huwaua. Jua la juujuu huwahamisha tu.

Makabati na meza za bei nafuu hutengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, unaojulikana kwa mafundi kama MDF. Gundi hiyo huachia fomaldihaidi, gesi inayowasha macho na koo, na ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi huo umetokana zaidi na wafanyakazi wa viwandani, wala mwenye kabati moja hana sababu ya kulitupa. Gesi hutoka kwa wingi siku za mwanzo na wakati wa joto. Samani mpya zikae mahali penye hewa kwa majuma machache, madirisha yakiwa wazi, na zisiwekwe chumbani kwa mtoto mchanga. Wanaopaswa kuhofiwa zaidi ni vijana wa karakana. Unga wa mbao, hata wa mninga safi, umo katika orodha hiyo hiyo ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, nao huvuta hewa yake mchana kutwa bila barakoa.

Moto haupaswi kusahauliwa. Sponji ya makochi ni poliyurethani, kemikali itokanayo na mafuta ya petroli, nayo ikiwaka hutoa kaboni monoksidi na sianidi. Mwezi Mei 1979 duka la Woolworths jijini Manchester, Uingereza, liliungua kwa moto uliokolezwa na samani za namna hiyo, na watu 10 wakafariki. Mwaka 1988 nchi hiyo ilitunga kanuni za samani zinazohimili moto. Huku kwetu chanzo cha kuogopwa ni kidogo na cha kila usiku: dawa ya mbu ya kuchoma inayosukumwa chini ya kochi ili moshi usimkere mgeni. Iwekwe katikati ya sakafu, juu ya bati, mbali na kitambaa.

Nafasi ya kupita

Seti ya watu saba katika sebule ya futi 12 kwa 12 huacha vichochoro. Anayetembea kwa fimbo, kwa fremu au kwa kiti cha magurudumu anahitaji njia ya sentimita 90, kutoka kitini pake hadi mlangoni na hadi msalani, bila stuli, waya wa runinga wala kapeti lililokunjamana. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu hujigonga kwenye pembe ya meza usiku na asijue hadi asubuhi anapoona damu. Kidonda hicho ndicho huanzisha safari ambayo mara nyingine huishia kwa kukatwa mguu. Meza ya pembe mviringo, taa ndogo ya usiku, na rangi ya kiti inayotofautiana na sakafu ni vitu rahisi. Kabati la runinga nalo lifungwe ukutani kwa skrubu, maana watoto hulipanda kama ngazi.

Si kila familia inaweza kubadilisha samani, na mara nyingi haihitajiki. Kiti kimoja chatosha, kile cha mwenye shida. Fundi seremala aweza kutengeneza vitalu vinne vya mbao ngumu vya kuinulia kochi, kila kimoja kikichimbwa shimo la sentimita 2 au 3 juu yake ili mguu wa kochi uketi humo usiteleze. Kochi lenye miguu sita lipate vitalu sita, la sivyo litapinda katikati. Penye sponji iliyochoka, ubao wa plaiwudi ukiwekwa chini ya mto huongeza kimo na uimara siku hiyo hiyo. Mto mgumu ukiegemezwa nyuma ya mgongo hupunguza kina. Bao la mbele linaloziba miguu laweza kukatwa sehemu ya katikati, upana wa nyayo mbili. Kazi hiyo humalizika kabla ya adhuhuri. Ikishakwisha, mama aketi, arudishe miguu nyuma, ainame mbele, ainuke mwenyewe mara tatu. Na fundi asikusanye vifaa vyake kabla ya hapo, kwa kuwa huenda kitalu kimoja kikahitaji kupunguzwa.